Sitaanza Jumatatu

Kambi ya Machimbo, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kwenye kifundo cha mguu. Habari yenyewe iko chini ya hapo. Kwa hiyo kama Mama amekaa karibu yako akisubiri umsomee, mwambie mwandiko wangu umeharibika, unahitaji kuupitia kwanza. Hilo ataliamini.

Kidole kidogo cha mguu wa kulia kina kidonda kisichopona. Kilianza kama lengelenge la buti, dogo kama punje ya dengu. Wiki ya sita sasa. Daktari wa kampuni, anayepita hapa mara mbili kwa mwezi, alinitoboa kidole cha mkono, akatazama kimashine chake, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akasema sukari yangu ingetosha chai ya kambi nzima. Akanipa vidonge na maneno haya: "Acha wanga. Mkate, wali, viazi, acha. Tarehe kumi Juni nitakupima. Sukari ikishuka na kidonda kikifunga, unabaki na kidole. La sivyo nakata, na nikishaanza kukata siwezi kukuahidi nitaishia wapi."

Basi nimeacha. Leo siku ya tisa. Unajua tunavyokula huku: watu wanne, beseni moja, na anayeondoa mkono mapema ama anajidai ama anaumwa. Mimi nachagua nyama na kabichi pembeni, wali nawaachia. Nyapara ameanza kuniita Bwana Harusi, eti najikondesha niingie kwenye suti. Mwenzangu wa machela, tunayemwita Kobe kwa ajili ya shingo yake, hacheki. Yeye ana sababu. Mawe tunayabeba kwa machela ya mbao, mmoja mbele, mmoja nyuma, kutoka shimoni mpaka kwenye mashine ya kusaga. Ukilegea wewe, anaumia mwenzako. Ameniambia, "Bwana, mimi sibebi na mtu anayekula kama sungura."

Asiwe na wasiwasi. Njaa ikinibana nakunywa uji, vikombe vinne vitano kwa siku, mzito hasa. Huo hautafunwi, na daktari hakuutaja.

Mama asijue. Kidole hiki hawakikati.

Mdogo wako,
Kitinda


Chumba cha Kushonea, 15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mteja amesubiri na gauni lenye pini mwilini mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Uji. Wewe mtoto wa mama yangu, uji unapikwa kwa nini, kwa kokoto? Unga ni unga hata ukiunywa kwa mrija. Umeufukuza mkate mlangoni ukauingiza dirishani ukiwa umelowa. Daktari hakuutaja kwa sababu hakujua anazungumza na nani. Uache leo hii unaposoma. Kama simu ingeshika huko kwenye shimo lenu ningekupigia nikutukane vizuri, maana matusi kwenye karatasi yanapoa.

Sasa sikiliza. Mizani siiamini na macho yako siyaamini. Chukua uzi huu niliokufungia, simama wima, pumua kawaida, uzungushe tumboni juu ya kitovu, ukate pale unapokutana. Nitumie. Kila mwezi uzi mmoja. Nitautundika kwenye msumari kando ya cherehani na tutaona nani anaongopa.

Mama nimemsomea. Nimeruka pa kuruka. Akauliza, "Mbona karatasi tatu zimekwisha upesi hivyo?" Nikasema umeandika herufi kubwa. Sikupenda ulimi wangu siku hiyo. Na ujue kwamba Alhamisi anaoka. Sanduku la keki litakuja na dereva wa lori la maji kama kila mwezi. Nitamzuiaje nisipomwambia sababu? Ukilipata, mpe huyo Kobe.

Dada yako


Kambi ya Machimbo, 2 Aprili

Dada,

Uji nimeacha. Niliposoma maneno yako nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikimwaga palepale, na mpishi akaona. Sasa nina adui jikoni.

Siku ya tatu bila uji nilidondosha machela. Tulikuwa nusu ya mlima, jua limesimama, nikaona mawe yote yamekuwa mawili mawili. Upande wangu ukaenda chini na jiwe likamkwaruza Kobe muundi, ngozi yote. Hakunipiga. Alikaa chini akautazama mguu wake, akasema, "Nilijua." Hilo lilinichoma kuliko ngumi.

Jioni nyapara aliniita. Akasema kwa upole kabisa kwamba kuna nafasi jikoni, kazi nyepesi ya kumenya viazi na kukata mikate, nikae huko mpaka nipone. Nilimwambia asante, lakini ni afadhali anishushe shimoni kwa kamba nikiwa nimefungwa macho. Watu walicheka. Mimi sikuwa natania. Niwekwe siku nzima kati ya gunia la viazi na kabati la mikate, halafu mwisho wa siku mseme nimejikata kidole mwenyewe?

Daktari alipopita alinipa moyo, si kwa maneno matamu. Alisema kizunguzungu ni mwili unaogoma, na mgomo huisha. Akanipunguzia kidonge kimoja, akaniambia ninywe maji mengi yenye chumvi kidogo na nisiogope mafuta. Sasa nabeba mayai manne ya kuchemsha kwenye kofia na karanga chache mfukoni. Kobe alikataa kubeba nami siku sita. Siku ya saba mwenzake mpya alimchosha kwa kusemasema, akaja akashika machela upande wake bila kunisalimu. Tukapanda. Huku juu, hiyo ndiyo samahani.

Sanduku la Mama lilifika. Nililitoa kwa nyapara na wenzake bila kulifungua. Walikula wakasema Bwana Harusi aoe kila mwezi ili zije nyingine.

Uzi huu hapa. Nimepumua kawaida.

Kitinda


Chumba cha Kushonea, 20 Aprili

Kitinda,

Uzi wako umepungua vidole viwili ukilinganisha na suruali uliyoiacha hapa. Nimepima mara tatu. Wa suruali nimeutundika, na wako nimeutundika chini yake. Mteja akaniuliza hizo ni nini, nikamwambia ni kiburi cha mdogo wangu.

Kuna kitu nataka kukuambia kabla hujakigundua mwenyewe. Ulipokuwa mdogo na Mama yuko kazini, ukilia nilikuwa nakupa mkate wenye sukari. Ukianguka, mkate. Ukipigwa shuleni, mkate. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sikujua kubembeleza kwa njia nyingine. Kwa hiyo siku utakapojikuta unatafuta kitu cha kutafuna na tumbo limeshiba, jua kwamba tumbo halina kosa. Jiulize nani amekuudhi au nani umemkumbuka. Kisha ondoka hapo ulipo, tembea, mtafute mtu umsemeshe hata kama ni kumgombeza.

Mama ameoka tena. Safari hii nimesema labda angepumzika mwezi mmoja, akaniangalia kama nimesema tusimpe mgeni maji. Sanduku liko njiani.

Dada yako


Kambi ya Machimbo, 6 Mei

Dada,

Huku shwari. Kazi ni ileile, mvua imepungua. Kidonda kinaelekea kukauka. Ninakula vizuri kama tulivyokubaliana. Kobe anakusalimu. Uzi ni huu.

Kitinda


Chumba cha Kushonea, 14 Mei

Kitinda,

Uzi huu umevutwa.

Nimepima watu miaka kumi na tisa. Uzi uliozungushwa kwa haki hufika umelegea, na msokoto wake ni uleule. Wako umenyooka mpaka msokoto umefunguka. Wateja wote hukaza tumbo mbele ya utepe, na sijawahi kumkatia mtu kitambaa kwa tumbo alilolikaza. Gauni lingempasukia.

Sina hasira. Niambie.

Dada yako


Kambi ya Machimbo, 25 Mei

Dada,

Sanduku lilifika Jumapili, siku chache kabla ya barua yangu iliyopita. Wenzangu wote walikuwa wameteremka mtoni kufua. Dereva aliliweka juu ya kitanda changu, akasema, "Kutoka kwa bibi kizee wako," akaondoka. Nilikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimekula samaki na mchicha mpaka nikafungua mkanda.

Nilifungua nione tu. Unajua Mama anavyofanya, anavyobonyeza kila keki katikati kwa kidole gumba kabla haijaingia kwenye oveni, ili ajue zipi ni zake akioka pamoja na majirani. Nikaziona zile alama. Ishirini na mbili. Nimekaa huku mwaka na nusu, Dada. Nilikula ile ya kwanza nikiwa nimeweka kidole changu pale alipoweka chake. Baada ya hapo sikuwa naonja kitu. Nilikula kama mtu anayefukia shimo. Zilipokwisha nililamba karatasi.

Huo ulikuwa ujinga wa siku moja, na ningekuandikia nikacheka. Ujinga mkubwa ulikuja kesho yake. Nilijiambia, nimeshaharibu, basi wiki hii ni ya shetani, nitaanza Jumatatu ijayo. Nikarudi kwenye beseni. Wali, mikate, viazi, mpaka jikoni wakanisamehe. Jumatatu ikaja, nikasema ile inayofuata. Siku kumi na sita. Kobe ndiye aliyenisimamisha. Nilikuwa nachovya mkate kwenye mchuzi, akaushika mkono wangu mbele ya wote akasema, "Muundi wangu umechubuka bure?" Nikauweka chini.

Kidonda hakielekei kukauka. Kimefunguka na kinanuka, navaa soksi mbili ili wengine wasisikie. Mpaka tarehe kumi ya daktari zimebaki siku kumi na sita. Nimeanza tena, na safari hii sanduku likija atalifungua Kobe. Uzi wa kweli huu hapa. Usiutundike.

Kitinda


Chumba cha Kushonea, 1 Juni

Kitinda,

Nimeutundika. Ni mrefu kuliko wa Aprili na mfupi kuliko wa suruali. Hayo ndiyo maelezo yote ninayoyataka kutoka kwa uzi.

Na nimemwambia Mama.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Nilimkuta anapepeta unga wa sanduku la Juni. Nikamsomea barua zako zote, tangu ya kwanza, bila kuruka. Aliweka ungo chini, akapangusa unga mikononi. Halafu akasema haya, na ameniamuru niandike neno kwa neno: "Mwambie mwanangu kwamba nyinyi wawili mmenifanya nimlishe sumu kwa mkono wangu mwenyewe, miezi mitatu, huku mkiniambia anaandika herufi kubwa. Mimi nimezika mume na nimelea watoto wawili kwa kufua nguo za watu. Nani alisema siwezi kubeba habari ya kidole?"

Akachukua unga akampelekea jirani. Tangu juzi hanisemeshi ila kwa mambo ya chumvi na maji.

Ana haki. Tulimficha ili tusimuumize, na siri yetu ndiyo iliyokuwa inaoka zile keki.

Kuhusu Jumatatu. Ukikosea mshono hufumui gauni zima, wala husubiri wiki mpya. Unafumua ulipokosea, unaendelea na sindano ileile. Ukianguka mchana, chakula cha jioni bado ni chako. Hakuna Jumatatu hapo katikati.

Dada yako


Hospitali, wodi ya wanaume, 19 Juni

Dada,

Wamekata.

Nakuandikia nikiwa nimekaa, mguu uko juu ya mto kama mgeni rasmi. Tarehe kumi daktari alinipima. Sukari imeshuka, Dada, imefika chini ya nusu ya ile ya Machi. Aliirudia akidhani mashine imekosea. Lakini alipofungua kidonda alikuta kimefika kwenye mfupa. Nilimuuliza, kama si zile siku kumi na sita, kingepona? Angeweza kunidanganya. Akasema, "Sijui. Labda. Na labda ulikuwa umechelewa tangu siku uliyokuja." Nimeyabeba yote mawili.

Akaniambia anakata kidole kimoja, na sehemu iliyobaki ya mguu itategemea kidonda kipya kufunga. Kikifunga, yamekwisha. Kisipofunga, atarudi na kisu, na safari ijayo ni kwenye kifundo. Nikamwambia kata, lakini dawa ya ganzi iwe ya mguu tu, nataka kuhesabu mwenyewe asije akazidisha. Muuguzi alicheka. Daktari alihesabu nami kwa sauti. Kimoja.

Mwambie Mama kwa maneno hayohayo, usiruke.

Kitinda


Nyumbani, 27 Juni

Kitinda,

Nimemsomea. Hakulia mbele yangu. Alitoka uani akakaa na beseni la nguo ambalo halikuwa na nguo. Aliporudi alikuwa ameshalia vyake, na hasira yote juu yetu imekwisha. Ningependa ingebaki. Maana sasa anasema hivi: "Kidole kimeshakwenda. Mtoto amejitesa bure. Mwambie arudi nyumbani, ale anachotaka, awe na raha. Nitamwokea mwenyewe." Ametoa tena vyombo vya kuokea, ameviosha, viko juani.

Nami nitakuwa mkweli. Nimekaa na kalamu hii nikitaka kukuambia usimsikilize, na sehemu yangu moja inasema rudi. Umechoka. Una miaka arobaini na mbili, umepungukiwa kidole, unabeba mawe ya watu. Kuna kitanda hapa. Nani angekulaumu ukikaa kivulini na kikombe cha chai yenye sukari? Kama ukisema inatosha, mimi nitazitoa nyuzi ukutani na hatutaongea habari hiyo tena.

Dada yako


Hospitali, wodi ya wanaume, 8 Julai

Dada,

Shikamoo, na mpe Mama shikamoo yangu kwanza, kabla ya mengine, kwa sababu mengine hatayapenda.

Hapa wodini asubuhi wanaleta chai yenye sukari na vipande vinne vya mkate wenye jamu. Ni kwa kila mtu, aliyevunjika mkono na mwenye kisukari sawasawa. Siku ya kwanza nilirudisha sinia. Mhudumu akasema, "Kula baba, umekatwa, unahitaji nguvu." Siku ya pili nikarudisha. Akasema watu wangapi hawana hata huo mkate. Nikamwambia awapelekee basi. Siku ya tatu aliuweka mezani akaenda zake, ukakaa hapo mpaka saa sita ukininukia usoni. Sikuugusa. Nilikuwa na njaa, nimekatwa, niko peke yangu, na hakuna mtu yeyote duniani ambaye angenilaumu. Ulichosema wewe ndicho nilichokuwa nakisikia kwenye ule mkate: nani angekulaumu. Nimegundua hapo ndipo ninapoangukia kila mara. Dhihaka za nyapara ziliniongezea nguvu. Huruma ndiyo inayonifungua mdomo.

Siku ya nne nilimwomba muuguzi mkuu aje. Nikamwambia, "Mama, mnanikata huku na mnanilisha kule. Chagueni moja." Akatazama cheti changu, akaondoka nacho. Kesho yake yalikuja mayai mawili na kabichi, na chai isiyo na kitu. Mhudumu aliyaweka kama anayeweka hati ya mahakama. Leo asubuhi mzee wa kitanda cha dirishani, naye mwenye kisukari, amerudisha mkate wake. Mhudumu hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi.

Jana walifungua bandeji. Kidonda kimefunga, Dada. Chote, ukingo kwa ukingo. Daktari alikibonyeza pande zote, akasema hana kazi tena na mguu huu mradi mimi niendelee na yangu. Kobe alikuja na lori la maji kuniona. Alisimama mlangoni, akaniuliza nitarudi lini, kwa sababu mwenzake mpya wa machela anaimba. Nyapara ametuma salamu na swali, nitabebaje mawe na vidole tisa. Nimemjibu kwamba machela inashikwa kwa mikono. Daktari anasema wiki sita, na buti pana, na niukague mguu kila siku. Wiki sita basi.

Sirudi nyumbani kukaa kivulini. Nitakuja Desemba kwa likizo, nitakaa, nitaondoka. Na usizitoe nyuzi. Hapa wodini hakuna uzi mrefu, nimekata kipande cha bandeji, kiko ndani ya bahasha, kipime.

Mwambie Mama sijajitesa bure. Kidole kilikuwa bei ya kuchelewa kwangu na ya siku zangu kumi na sita, na sitaki mtu anipunguzie. Mguu ndio niliokuwa naupigania na huu hapa, uko chini ya shuka, unawasha. Mwambie nampenda na vyombo vile avitoe juani avirudishe kabatini. Akitaka kunilisha Desemba, na anichemshie mayai. Akitaka kulia na alie, ila asinililie akiwa na unga mkononi.

Mdogo wako,
Kitinda